MUUZA MITUMBA ALIYEMPIGA BAO BANKSY

Haya wadau, leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongelee kuta. Ndiyo, kuta hizi hizi zinazoandikwa "usikojoe hapa".

Kuna dokumentari moja inaitwa Exit Through the Gift Shop. Ilionyeshwa mara ya kwanza Januari 2010 kwenye tamasha la filamu la Sundance kule Marekani, na mwaka 2011 ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar upande wa dokumentari. Ikashindwa na Inside Job, ile inayoeleza jinsi mabenki yalivyoiangusha dunia. Mimi nilichelewa sana kuiona. Niliikuta kwenye CD ya filamu kumi kwa moja, kava lina Van Damme kakunja ngumi, geto kwa mshkaji wangu tuliyemaliza naye fomu foo. Yeye ndiye fundi wa kuandika vibanda na vioo vya daladala mtaani kwetu. Nywele za saluni, soda za barafu, sura ya Tupac, vyote anachora yeye. Tukaiangalia tukidhani ni ya ngumi, na mpaka dakika ya kumi hatujaona hata kofi. Lakini hatukuizima.

Ilipoisha mshkaji akaniuliza swali moja ambalo mpaka leo linanisumbua. Nitalifikia. Kwanza nieleze filamu yenyewe, maana wengi wanaoiongelea wanairukia mwisho.

Jina lake tu lina kejeli. Ukienda kwenye makumbusho makubwa ya wenzetu, ukishamaliza kuangalia picha mlango wa kutokea unakupitisha dukani. Kuna vikombe, fulana na kalamu zenye zile zile picha ulizotoka kuzitazama. Huwezi kutoka bila kupita hapo. Ndiyo maana ya jina: "tokea kwa kupitia duka la zawadi". Shika hilo, maana filamu nzima inaelekea kwenye huo mlango.

Aliyeitengeneza ni Banksy. Huyu ni mchoraji wa ukutani wa Uingereza, jina alianza kulipata Bristol, na sura yake hajawahi kuianika hadharani. Kwenye filamu amekaa gizani na kofia la sweta kichwani, sauti imebadilishwa imekuwa nzito kama ya jini. Anachora kwa stensili. Kwa wasiojua, stensili ni mshkaji wangu anavyoandika namba za gari: unakata umbo kwenye karatasi ngumu ukiwa nyumbani kwa nafasi yako, ukifika ukutani unaibandika, unapuliza rangi ya kopo, unaondoa, unasepa. Uzuri wake ni mwendo. Kazi kubwa imeshafanyika mezani, pale ukutani ni dakika chache tu, na polisi akitokea kwenye kona wewe huyo upo mtaa wa tatu. Wengine wanatumia mabango ya karatasi na gundi ya unga wa ngano na maji, yaani uji! Unapaka uji ukutani, unabandika bango, unapaka uji tena juu.

Kitu kingine cha kuelewa ni kwamba kazi hizi hazidumu. Leo umechora, kesho manispaa wanapitisha rangi nyeupe, au mwenye nyumba anakwangua, au mchoraji mwingine anachora juu yako. Mtu anahatarisha shingo kwa kitu kitakachokaa labda wiki moja. Na hapo ndipo anapoingia mhusika wetu.

Anaitwa Thierry Guetta, Mfaransa aliyehamia Los Angeles. Kazi yake? Bwana wee, mitumba! Alikuwa na duka la nguo za zamani, na mwenyewe anasimulia bila aibu kwamba mzigo wa dola 50 aliweza kuutoa kwa dola 5,000. Akikuta nguo imeshonwa kimaajabu-maajabu, haitupi. Anaiweka pembeni, anaiita ya mbunifu, anaipandisha mpaka dola 400. Wauza mitumba wa Karume mpo? Mtu huyu ni ndugu yenu kabisa. Filamu inaliweka jambo hili mwanzoni kama kichekesho tu, ukalisahau, kumbe ndiyo mbegu ya kila kitu kinachokuja.

Guetta alikuwa na ugonjwa mmoja: kamera. Haikutoka mkononi. Anarekodi wanae, wateja, anarekodi hata akienda kujisaidia. Sababu yake inatia huruma. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, na hakuambiwa kwamba anaumwa. Toka hapo akawa na hofu kwamba kila anachokiona kinaweza kuondoka bila kuaga, basi akakinga kila dakika isimpotee.

Mwaka 1999 akaenda Ufaransa, akakuta binamu yake ni yule msanii anayejiita Invader. Huyu anatengeneza vile vidude vya gemu ya zamani ya Space Invaders kwa vigae, kama vya bafuni, anavibandika juu kwenye kona za majengo ya Paris. Guetta akaanza kumfuata usiku na kamera. Kupitia kwa binamu akakutana na Shepard Fairey, Mmarekani aliyejaza mitaa na stika za uso wa mcheza mieleka Andre the Giant na neno OBEY, yaani "tii". Fairey huyu huyu ndiye aliyetengeneza bango la Obama la mwaka 2008 lenye rangi nyekundu, bluu na krimu. Mnalijua, hata kwetu lilifika kwenye fulana.

Basi Guetta akawa kivuli chao. Anapanda mapaa, anashika ngazi, anaangalia kama polisi wanakuja. Kila mtu akamwambia anatengeneza filamu. Ukweli ni kwamba kanda zilikuwa zinaingia kwenye maboksi bila hata kuandikwa, na hazikuangaliwa tena. Maelfu ya saa za kanda!

Aliyekuwa anamkosa ni Banksy tu. Mwaka 2006 Banksy akaja Los Angeles, msaidizi wake akazuiwa kuingia Marekani, akahitaji mwenyeji anayejua kuta za mji. Fairey akamuunganisha na Guetta. Mwezi Septemba mwaka ule Banksy akafanya maonyesho yaliyoitwa Barely Legal kwenye ghala moja, na ndani akaweka tembo hai aliyepakwa rangi nyekundu na maua ya dhahabu, sawasawa na karatasi ya ukutani iliyokuwa nyuma yake. Alitaka kusema umaskini wa dunia ni kama tembo aliyesimama sebuleni na watu wakajifanya hawamwoni. Na kweli, watu walimwongelea tembo, umaskini wakauacha pale pale. Kina Brad Pitt na Angelina Jolie wakaja. Kuanzia hapo matajiri wakaanza kununua.

Kipindi hicho hicho wakaenda Disneyland. Banksy akaweka mdoli wa mpira aliyevalishwa kama mfungwa wa Guantanamo, ovaroli la rangi ya chungwa, gunia kichwani, pembeni ya treni ya watoto. Treni ikasimamishwa, walinzi wakamdaka Guetta, wakambana masaa bila kumwachia. Hakutaja mtu. Akafuta picha, kanda akaificha, akatoka nayo. Siku ile Banksy akamwamini. Mimi naona tukio hili ndilo zuri kuliko yote kwenye filamu, na kila ninapomsikia mtu anamwita Guetta tapeli huwa namkumbusha Disneyland. Tapeli angeimba kila kitu dakika ya kumi.

Sasa sikia kimbembe. Banksy akamwambia, mbona bei za kazi zetu zimekuwa za ajabu, wakati umefika wa kutoa hiyo filamu, watu wajue hatukuanza kwa ajili ya hela. Guetta akakaa, akaunganisha dakika tisini, akaiita Life Remote Control. Akampelekea. Kwa maelezo ya Banksy, ilikuwa kama mtu mwenye wazimu kashika rimoti anabadilisha chaneli mia tisa. Hajui kutengeneza filamu, alikuwa ni mtu mwenye kamera tu. Banksy akaona amwondoe kiungwana: niachie kanda, wewe rudi nyumbani, chora-chora kidogo, fanya kamaonyesho kadogo, alika watu, mnywe mvinyo.

Kwa mtu mwingine hayo ni maneno ya kumtoa mgeni mlangoni. Guetta akayachukua kama amri.

Akajipa jina la Mr. Brainwash. Akaweka mali yake rehani. Akaajiri vijana: wa kukata, wa kupaka, wa kuchapa, wa kuchonga. Yeye anapitia vitabu vya sanaa, anabandika vikaratasi kwenye picha anazotaka zibadilishwe: huyu mpake rangi nywele, yule mpe kopo la rangi mkononi. Akakodi zilizokuwa studio za CBS kule Hollywood. Akaanguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mguu, akaendelea kuamrisha akiwa kwenye kiti. Akawaomba Fairey na Banksy maneno ya kumpigia debe. Banksy akaandika sentensi inayoanza kama sifa na kuishia kama kofi. Guetta akaichukua hivyo hivyo, kofi na yote, akaipandisha kwenye bango kubwa barabarani! Gazeti la LA Weekly likamweka ukurasa wa mbele. Watu 200 wa kwanza wakaahidiwa picha ya bure.

Juni 2008 maonyesho yakafunguliwa, yakaitwa Life is Beautiful. Foleni ikazunguka mtaa. Filamu inasema aliuza karibu dola milioni moja, picha ambazo nyingi hakuzigusa kwa mkono wake, za mtu ambaye hajawahi kufanya maonyesho hata sebuleni kwake. Yaliyopangwa kuisha kwa siku chache yakaongezwa wiki kwa wiki. Mwaka 2009 Madonna akampa kazi ya kava la albamu yake ya Celebration.

Mwisho wa filamu unawaona Fairey na Banksy wamepigwa na butwaa. Banksy anasema zamani alikuwa anamhimiza kila mtu achore, siku hizi hamhimizi sana. Sisi tukacheka. Halafu mshkaji akauliza lile swali:

"Sasa huyu jamaa kosa lake ni lipi?"

Nikasema kaiga. Akaniambia stensili Banksy naye alikuta zipo, Paris kulikuwa na watu wanazitumia kabla yake. Nikasema hachori mwenyewe, ameajiri. Akauliza, na yule Andy Warhol mnayemsifu kila siku, studio yake si ilikuwa inaitwa Kiwanda? Nikasema anatafuta hela. Hapo ndipo aliponimaliza. "Mimi naandika saluni kwa hela. Kwani natakiwa niandike kwa nini, kwa upepo?"

Nilikaa kimya, maana nilikumbuka kitu. Fairey ana nembo ya nguo ya OBEY tangu mwaka 2001. Yaani stika zilizokuwa zinakejeli matangazo ya biashara zenyewe zikawa biashara. Banksy naye pale kwa tembo aliuza. Wote walikuwa wameshapita kwenye duka la zawadi. Guetta yeye aliingilia dukani moja kwa moja, ukutani hakukaa. Kama kuna kosa, mimi naliona hapo, na si kwenye hela. Wale wengine walitumia miaka ya usiku, baridi na mahabusu kuchora vitu visivyonunulika, mpaka jina lao likawa na uzito. Yeye alichukua uzito ule ule akaupima kwenye mizani siku moja. Ni ile nguo ya kushonwa kimaajabu, imepewa lebo.

Lakini mshkaji hakukubali na sitaki kudanganya kwamba nilimshinda. Alisema miaka ya usiku Guetta alikuwa nayo, tofauti ni kwamba alishika ngazi na kamera badala ya kopo. Na hapa ana pointi nzito. Kazi nyingi za miaka ile zimeshafutwa. Zilizobaki zikionekana zinachorwa, mkono ukitembea, mtu akikimbia, zimo kwenye yale maboksi ya Guetta. Mtu tunayemcheka ndiye aliyekinga maji ya mvua wenzake wakicheza nayo. Bila yeye Banksy asingekuwa na filamu ya kumchekea.

Kuna wanaosema yote ni usanii, kwamba Mr. Brainwash ni mtu wa kutungwa na Banksy ili awacheke matajiri. Banksy amekuwa akikataa. Mimi nina sababu moja ya kuamini Guetta ni wa kweli, nayo ni mahakama. Mwaka 2011 mpiga picha Glen Friedman alimshinda kwenye kesi huko California, kwa sababu Guetta alichukua picha yake ya kundi la Run-DMC akaigeuza na kuiuza bila ruhusa. Utani hauburuzwi mahakamani namna hiyo. Fairey naye hakutoka salama. Bango la Obama alilitengeneza kutokana na picha ya shirika la habari la AP, wakapelekana mahakamani. Akaja kukiri kwamba alifuta na kughushi ushahidi, na Septemba 2012 akahukumiwa miaka miwili ya kuwa chini ya uangalizi, faini ya dola 25,000 na saa 300 za kazi za jamii. Kwa hiyo huyo "halisi" na huyo "feki" wote walisimama mbele ya hakimu kwa kosa la ukoo mmoja.

Na Banksy mwenyewe? Huyu aliyewahi kuandika kwamba hakimiliki ni ya walioshindwa, mwaka 2019 alifungua duka kule Croydon, London, mlango haufunguki, unaangalia kwenye vioo na kununua kwa intaneti. Kisa ni ugomvi wa alama ya biashara na kampuni ya kadi iliyokuwa inatumia picha zake. Alikiri wazi kwamba duka ni kwa ajili ya kesi. Mwaka 2020 ofisi ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia mambo hayo ikamfutia alama ya ile picha ya kijana anayerusha shada la maua, ikisema aliisajili kwa nia isiyo njema, maana hakuwa na mpango wa kuitumia kibiashara. Ukitaka sheria ikulinde kama msanii lazima ujitaje jina, na yeye jina ndilo asilolitoa. Kajifungia mwenyewe.

Ana pia ofisi inaitwa Pest Control, ndiyo inayotoa vyeti kwamba picha hii ni ya Banksy kweli. Cheti chenyewe kina nusu ya noti ya bandia ya pauni 10 yenye sura ya Princess Diana, aliyoichapa mwaka 2004. Nusu moja kwa mnunuzi, nusu ofisini, zikikutana zinaoana. Yaani uhalali wa picha unathibitishwa na noti feki! Ila kazi za mtaani hawazitolei cheti. Ukibomoa ukuta ukauza, hawakujui. Haijazuia watu. Februari 2013 ukuta wa duka moja Wood Green, London, uling'olewa na picha yake ya mtoto anayeshona bendera, ikaibukia kwenye mnada Miami. Wakazi wakapiga kelele, mnada ukasitishwa, na Juni ikauzwa London kwa mamia ya maelfu ya pauni. Wenye mtaa walibaki na tundu.

Sisi kwetu hili si geni sana. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 Dar es Salaam, anachora wanyama kwa rangi za mafuta kwenye vipande vya mbao, anawauzia wageni Oysterbay. Akauawa kwa risasi ya polisi kimakosa mwaka 1972. Miaka minne tu! Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima, picha ziko kila duka la zawadi kuanzia Stone Town mpaka uwanja wa ndege. Ipi ni Tingatinga halisi? Aliyechora kwa mkono wake, ya mpwa wake, au ya kijana aliyejifunza mwaka jana anayelisha familia kwa hiyo? Kule hakuna cheti cha nusu noti. Halafu tofauti kubwa ni kwamba Tingatinga hakuanza nje ya soko ndipo aingie. Alianza akiuza, na hakuna aliyemwambia ameisaliti sanaa. Nilimwambia mshkaji hilo, akasema "si nilikwambia".

Guetta anaendelea na mambo yake. Mwaka 2022 alifungua jumba la makumbusho la kwake Beverly Hills. Banksy mnamjua, Oktoba 2018 picha yake ya msichana na puto iliuzwa Sotheby's kwa zaidi ya pauni milioni moja, nyundo ilipogonga tu ikaanza kujichana yenyewe na mashine iliyofichwa kwenye fremu. Alitaka kuiharibu, ikakwama katikati. Oktoba 2021 ile iliyochanika ikauzwa tena, pauni milioni 18.5. Hata ukiichana wanaipandisha bei.

Ila kuna siku moja alifanikiwa. Oktoba 2013 alikuwa New York, akaweka meza kando ya Central Park, akamkalisha mzee mmoja auze picha halisi za Banksy, zimetiwa saini, dola 60 moja, hakuna tangazo, hakuna jina kubwa. Masaa yakapita. Mzee akapiga miayo. Mama mmoja akaja, akataka mbili za wanae, akabishana bei kama yuko Kariakoo, akapunguziwa nusu. Mpaka jioni wakawa wamenunua watu watatu tu, picha nane. Mauzo ya siku nzima: dola 420.